Viti vya Kuazima

Kabla sijaingia kwenye kamati ya nyumba nilikuwa naamini umaskini ni kitu rahisi kukiona. Unaingia ndani, unatazama paa, unatazama ukuta, unauliza watoto wanalala wapi, basi, jibu unalo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kahororo, na kazi ya kusahihisha imeniharibu kidogo. Napenda kitu kiwe sahihi au kiwe kosa, na kalamu nyekundu ninaijua vizuri kuliko sindano ya kushonea. Kwa hiyo shirika moja la hisani lilipoomba usharika wetu utoe mtu wa kuandika fomu, na jina langu likatajwa, sikukataa hata kwa adabu. Nilisema ndiyo kabla hawajamaliza kuuliza.

Tulikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa mwinjilisti mstaafu, mzee mpole mwenye koti moja la suti analolivaa jua liwake, mvua inyeshe. Wa pili alikuwa fundi mwashi, mtu wa maneno machache, anayepapasa kila ukuta anaoukuta hata akienda msibani. Wa tatu mimi, na fomu zangu.

Nyumba zenyewe si kubwa. Vyumba viwili na sebule, tofali za kuchoma, bati juu, saruji chini. Hazitolewi bure, na haziuzwi kama duka linavyouza. Familia inachangia kidogo kidogo kwa kadiri inavyoweza. Ili ukubaliwe, mambo matatu yanatazamwa. Kwanza, pale unapolala sasa pawe hapafai mtu kulala. Pili, kiwanja kiwe chako bila ugomvi, na kwetu Kagera hapo ndipo kasheshe ilipo, kwa sababu kibanja, shamba la migomba la nyumbani, ni cha ukoo na waliozikwa ndani yake bado wana sauti. Wazee wa ukoo lazima waandike barua. Tatu, kabla hujajengewa, wewe na watu wa nyumbani kwako mwende kubeba maji, mawe na mchanga kwenye nyumba ya mwenzenu. Hilo la tatu liliwachuja wengi kuliko umaskini wenyewe. Watu walikuwa tayari kupewa nyumba, ila si kumbebea mtu mwingine ndoo.

Mwezi wa kwanza tu nilipata funzo lililonifanya niwe mkali. Tulikwenda Kagondo kwa baba mmoja ambaye paa lake lilikuwa limebaki miti mitupu. Alisimama mlangoni amekunja mikono kifuani, sura imesinyaa, mke wake anajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Moyo ukaniuma kwelikweli. Niliandika yote. Tulipozunguka nyuma kutazama kiwanja, nikakanyaga rundo la majani ya mgomba yaliyokauka, na chini yake kitu kikalia kwaa! Ilikuwa bati. Fundi akainama, akafunua, akahesabu bati zote za nyumba ile zimelazwa pale kwa mpangilio mzuri, na misumari yake kwenye kopo. Fundi akamwambia yule baba kwa upole kwamba azirudishe mapema kabla misumari haijashika kutu.

Wenzangu walicheka njia nzima. Mimi sikucheka. Niliona nimefanywa mjinga, na mimi nikifanywa mjinga huwa sisahau upesi. Tangu siku hiyo nikajiwekea sheria yangu: huruma ibaki kwenye gari, kalamu iandike kile macho yanachokiona, hakuna zaidi.

Ndivyo nilivyofika kwa mama mmoja wa Muleba.

Alikuwa mjane mwenye umri wa kunizaa, anaishi na wajukuu wawili wa kike waliokuwa wakisoma shule ya msingi. Mama yao alikuwa amefariki. Kibanja kilikuwa cha marehemu mumewe, kaburi la mumewe lipo pale kati ya migomba, na ukoo ulikuwa umeshatoa barua nzuri kwamba mama huyu ni wao na hakuna wa kumwondoa. Barua hiyo peke yake ilikuwa muujiza. Lililobaki lilikuwa sisi kwenda kuiona nyumba. Mwinjilisti, ambaye hawezi kuingia kwa mtu bila hodi ya siku mbili, alituma taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji kwamba tunakuja Alhamisi.

Sisi Wahaya tunataniwa nchi nzima kwa majivuno. Nimesomea Morogoro, nimeyasikia yote, na mengine nimeyacheka kwa sababu ni ya kweli. Lakini kuna jambo ambalo wanaotutania hawalijui. Mgeni kwetu hakuti nyumba ilivyo, anakuta nyumba ilivyopaswa kuwa. Mama yangu mwenyewe, tulipokuwa wadogo, akisikia mchungaji anapita, aling'oa pazia moja tulilokuwa nalo chumbani akalitundika sebuleni, akatutuma kwa majirani, huyu alete vikombe, yule alete trei. Mchungaji akiondoka, tunavirudisha vyote tukiwa tumekula makombo ya mgeni kwa furaha. Nilikua nikijua hivyo. Sina kisingizio.

Alhamisi ile tulipoingia, harufu ya nyasi mbichi ilinipokea mlangoni. Alikuwa amezitandaza sakafu nzima, nene, laini, zimekatwa asubuhi hiyo. Viti vilikuwa vinne. Juu, chini ya paa, kulikuwa na shuka jeupe limevutwa kona hadi kona kama dari. Ukutani kitenge kizuri kilining'inia toka juu hadi chini. Mama mwenyewe alipiga goti kutusalimu, nguo imepigwa pasi, uso unang'aa, kisha akatuletea akamwani, ile kahawa ya kutafuna, kwenye kikapu kidogo kilichofumwa vizuri. Baadaye vikaja ndizi na maharage, na juu ya ndizi vipande vya samaki vilivyonona.

Tulikuwa na haraka, hata nyuma hatukuzunguka, na fundi hakupapasa ukuta. Nyumba nyingine mbili zilikuwa zinatusubiri na gari lilikuwa la kurudishwa. Tulionja, tukasema asante kwa pamoja, mimi nikafungua fomu magotini. Nikamuuliza kama ana mtoto anayemsaidia.

"Ninaye mmoja, waitu," akasema, kwa neno letu la heshima. "Yuko kisiwani Goziba, anavua."

Nikatazama samaki kwenye sahani. Nikatazama kiti nilichokalia, kilikuwa na rangi ya kijani miguuni, na cha fundi kilikuwa cha bluu, na cha mwinjilisti hakikuwa na rangi kabisa. Kalamu yangu ilisita. Nakumbuka kabisa ilisita. Halafu nikakumbuka bati za Kagondo, nikaandika: makazi, yanaridhisha, samani, ipo, chakula, samaki, msaada, mtoto mvuvi. Mwandiko wangu siku ile ulikuwa mzuri sana.

Orodha ilipobandikwa kwenye ofisi ya kijiji, jina lake halikuwemo. Niliambiwa alikuja, akasoma toka juu hadi chini, akamwomba mtendaji amsomee tena asije akawa amekosea, kisha akasema asante akaenda zake. Hakuandika malalamiko. Wengine waliokataliwa walinitukana mpaka kwenye simu.

Aliyekubaliwa katika kitongoji kile alikuwa mzee mmoja asiyeweza kutembea, anaishi nyumba ya tatu kutoka kwa huyo mama. Mzee hakuwa na mtu wa kumbebea, hivyo tulikubaliana kwamba majirani wanaweza kusimama badala yake. Ujenzi ulianza mvua za vuli zikiwa zimeshika, msimu ambao watu wanawinda senene, wale panzi wa kuliwa, na kila mtu mfukoni ana kifuko. Jumamosi moja nilipanda bodaboda peke yangu kwenda kuona kazi imefika wapi, na mtu wa kwanza niliyemwona anapanda kilima na ndoo kichwani alikuwa yule mama.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikajikaza, nikamsalimia.

"Kasinge waitu," nikasema, maana ndivyo tunavyomwambia mtu tunayemkuta kazini, na ndivyo tunavyoshukuru.

"Kasinge, mwalimu. Umetutembelea!"

Fundi wetu wa kamati, aliyekuwa juu ya ukuta, aliniambia bila kuulizwa kwamba mama huyo yupo pale toka siku ya msingi. Anafika kabla ya mafundi. Amebeba maji ya zege lote. Nilimfuata alipokwenda kutua ndoo, nikamuuliza kwa nini anajitesa, wakati nyumba si yake na sisi tulimkatalia. Nilisema hivyo hivyo, bila kupaka mafuta. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekosa adabu, na kweli nilikuwa nimekosa.

"Nyumba ya jirani inajengwa," akasema, "mimi nikae kwangu nimefunga mikono? Nitampitia wapi bila aibu?"

Nilisimama pale nikimtazama anashuka tena kilimani na ndoo tupu, mgongo umenyooka, na nikajisikia mdogo kama kidonge cha piritoni. Nimefundisha watoto somo la ujirani mwema kwa miaka, ubaoni, kwa chaki. Sikuwahi kuliona likitembea.

Mvua ilitukuta kabla ya saa nane. Ilikuja yote kwa mpigo, mafundi wakajibanza chini ya maturubai, na mimi niliyekuwa karibu na yule mama nikakimbia pamoja naye kuelekea kwake. Tulipofika mlangoni akageuka, akasimama, mgongo wake umeziba mlango, maji yanatutiririka usoni sote wawili.

"Mwalimu, subiri kidogo hapo."

"Mama, tunalowa!"

"Subiri tu, mwanangu. Sijajiandaa."

Radi ikapiga karibu sana, nikapiga kelele, na yeye akaniacha nipite.

Hakukuwa na kiti hata kimoja. Hakukuwa na shuka juu, na bila lile shuka niliona bati lilivyokuwa, matundu kwa matundu, nuru inaingia na maji yanaingia. Zile nyasi za Alhamisi zilikuwa zimegeuka nyeusi. Kitenge hakikuwepo, na pale kilipokuwa kimening'inia udongo ulikuwa umeporomoka, miti ya ukuta imebaki kama mbavu, katikati yake naona migomba inavyoyumba nje. Wajukuu walikuwa wamesimama kwenye kona moja, ile iliyokuwa kavu, wameusimamisha mkeka na blanketi katikati yao, wameshika daftari zao chini ya nguo. Walikuwa wametulia. Ilionekana kila mmoja anajua mahali pake mvua ikianza.

Mama aliwasogeza, akanivuta, akaniweka mimi kwenye ile kona. Kisha akaanza kutafuta. Alifungua kopo, akalifunga, akainama uvunguni mwa kitanda chake cha miti, akapata kile kikapu kidogo, akakifuta maji kwa upindo wa kanga yake, akanipa kahawa kwa mikono miwili. Maji yanamdondokea begani huku ananiambia karibu. Nilipokea. Nimewahi kuingia kwenye makanisa makubwa na kwenye nyumba za watu wenye vyeo, lakini sijawahi kuogopa mahali kwa heshima kama nilivyoogopa pale, nimesimama kwenye kona ambayo watoto wameondolewa ili mimi niwe mkavu. Nilitafuna ile kahawa huku machozi yananitoka na nikashukuru kwamba sote tulikuwa tumelowa.

"Mama," nikasema, "hii ndiyo niliyotumwa nije kuiona."

"Hii si ya kumwonyesha mgeni."

"Nipe ruhusa niandike. Leo hii. Nitapeleka mwenyewe."

Alinishika mkono, kiganja kinakwaruza kwa mchanga wa ujenzi. "Hapana. Mwalimu, wewe leo hukuja kwangu, umekimbia mvua. Ulichokiona umekiona kama jirani. Usikitie kwenye karatasi, watu wakakisoma ofisini."

Nilikasirika. Nakiri nilikasirika sana, nikamwambia kwamba heshima hiyo itawaangushia ukuta watoto hawa. Alisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Niahidi." Nikaahidi, kwa sababu alikuwa bado ameushika mkono wangu, na kwa sababu nilikuwa nimekula kahawa yake.

Wiki chache baadaye familia moja tuliyokuwa tumeipitisha ikaanguka kwenye orodha. Baba mdogo wa mwenye familia alirudi kutoka Mwanza akasema kiwanja kile ni chake, barua ya ukoo ikafutwa, nafasi ikabaki wazi. Kwenye kikao nilisema turudi kwa yule mama wa Muleba.

"Yule mwenye viti na samaki?" fundi akauliza. Wakati huo wote wa kumwona akibeba ndoo, hakuwahi kuingia kwake tena.

"Huyo huyo."

"Kwani kimebadilika nini?"

Ulimi uliniwasha. Nilikuwa na ukuta mzima kichwani na sikuruhusiwa kutoa hata udongo wake. "Turudi tu," nikasema, "ila safari hii tusiwe na haraka." Mwinjilisti alinitazama, akaandika siku, na kama kawaida yake akatuma taarifa mapema.

Tulikuta yote kama mara ya kwanza. Nyasi mbichi, viti vinne, shuka juu, kitenge ukutani, ndizi, maharage, samaki. Nilikaa kwenye kile cha miguu ya kijani. Kama wenzangu wataandika wanachokiona, basi tunaondoka na jibu lilelile, na masika yalikuwa hayako mbali. Nilijua ukuta ule haungeyamaliza masika. Nilikula taratibu, nikaongeza, nikala tena, nikitafuta la kusema ambalo halikuwa kuvunja ahadi. Sikulipata. Nilichopata kilikuwa aibu ya kwamba mara ya kwanza tulikula kwake na hatukumshukuru inavyotakiwa, tulitupa asante moja mlangoni kama watu wanaonunua vocha. Basi nikaweka sahani chini, nikapiga goti kwenye nyasi, nikaanza kumshukuru kama mama yangu alivyonifundisha, kitu kimoja kimoja.

"Kasinge waitu, mama, kwa viti ulivyotukalisha."

"Karibu, mwanangu," akasema, "ila viti mshukuruni jirani wa hapo chini, na hicho chako ni cha mke wa mwenyekiti wa kitongoji. Mimi nimeomba tu."

Alisema kwa wepesi kabisa. Hakuwa anaungama lolote. Mtu mwenye malezi hapokei shukrani ya kitu cha mwingine, angeonekana mwizi. Nilimtazama, nikaelewa mlango wa kupita bila kuvunja ahadi uko wapi, nikaendelea.

"Kasinge kwa sahani na vikombe."

"Hivyo ni vya usharika. Nitavirudisha jioni."

"Kwa shuka hili zuri hapa juu."

"Hilo ni la dada mmoja wa kwaya."

"Kwa ndizi, mama, zilikuwa laini."

"Mkungu nimepewa na yule mzee tunayemjengea. Kibanja changu kimechoka, ndizi zake siku hizi ni vidole."

Mwinjilisti alikuwa ameacha kutafuna. Polepole akavua kofia, akaishika magotini, na naye akaingia kwenye shukrani kwa ile sauti yake ya ibada. "Na mimi, mama yetu, nashukuru kwa samaki. Tumshukuru na kijana wako aliyeko Goziba, kwa kukukumbuka."

Mama alirudisha mikono magotini.

Nilisikia kuku wakiparua nje. Sikuwa nimelifikiria hili, naapa. Nilidhani alichokuwa akificha ni ukuta. Nilimwona mama anautazama mlango, kisha anawatazama wajukuu waliokaa kizingitini, kisha mikono yake mwenyewe, na nikatambua kwamba ukuta ungeweza kuanguka mara kumi kabla hajakubali mtu amseme vibaya mwanawe. Angeitikia tu, kwa neno moja, tungeandika kwamba anasaidiwa na tungeondoka. Nilitaka kumwambia mwinjilisti aache.

"Samaki nimeletewa na jirani," akasema mwishoni, kwa sauti ya chini. "Mwanangu sina habari zake toka wajukuu hawa hawajaanza shule. Watu wa mitumbwi wananiambia yu hai. Siwezi kupokea asante yake, nitakuwa nimemsingizia."

Hakuna aliyeandika. Mwinjilisti aliinamisha kichwa kabisa. Ndipo fundi, huyu asiyejua kuzungumza, akainuka kwenye kiti chake cha bluu, akasema, "Mama, na mimi nishukuru basi. Kwa hiki kitenge cha ukutani."

Mama akamtazama, na kitu kikamchekesha, akacheka kweli, kicheko cha mtu aliyechoka kubeba. "Hicho ni changu," akasema. "Hicho kitenge nilinunuliwa na marehemu." Akanyanyuka mwenyewe, akaenda ukutani, akakishika upindo na kukiinua taratibu mpaka juu ya kichwa chake, akakishikilia hapo. "Na hiki cha nyuma yake pia ni changu."

Fundi aliingiza mkono mzima ukutani mpaka begani, tukauona unatokea nje kwenye migomba. Akautoa, akapangusa udongo, akanigeukia. "Mwalimu," akasema, "andika."

Niliandika, na mwandiko ulikuwa mbaya kama wa mtoto wa chekechea.

Alipokubaliwa tulimwambia kwamba la tatu, lile la kubeba, ameshalimaliza, maana hakuna aliyebeba kama yeye. Alikataa. Ile ya mzee ilikuwa ya mzee, akasema, haiwezi kuhesabiwa mara mbili. Akaenda kwenye nyumba nyingine mbali kidogo, akabeba upya tangu ndoo ya kwanza, na wajukuu wakitoka shule wanabeba mawe madogo. Masika yalianza wakati fundi anapiga kenchi za paa. Nyumba ya zamani iliangusha ukuta mmoja wiki hiyohiyo, mchana, watoto wakiwa darasani.

Siku ya kukabidhi mwinjilisti alitaka tulete viti vya kanisani, kuwe na sherehe ya kueleweka. Mama akatuma neno kwamba tusilete hata kimoja. Tulifika tukamkuta mlangoni, mlango uko wazi, ndani hakuna samani yoyote, ila nyasi mbichi juu ya saruji mpya, na harufu zake mbili zimechanganyika. Alitutembeza. Chumba hiki cha kwake, hiki cha wasichana. Kwenye cha wasichana alisimama kidogo, akasema kwamba kaka wa mama yao akirudi kutoka ziwani watampisha.

"Leo sijaazima kitu," akatuambia tuliporudi sebuleni. "Kaeni chini."

Tukakaa, fundi, mimi, na mwinjilisti na suti yake, migongo kwenye ukuta ambao fundi hakuacha kuupapasa. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu na ndani hapakudondoka tone. Kile kikapu kidogo kikazunguka, na mimi nikapiga goti.

"Kasinge waitu, mama, kwa kahawa."

"Karibu, mwanangu."

"Kwa nyasi hizi."

"Karibu."

Nikatazama huku na huku nikitafuta kingine cha kushukuru, na hapakuwa na kingine ila nyumba yenyewe. Nikamshukuru kwa mahali pakavu alipotukalisha. Nilimsubiri aseme hapo tumshukuru nani.

"Karibu sana," akasema.